Mrija Mmoja wa Ikulu ya Mwami

Siku ya Nane Nane watu walijaa katika ikulu ya zamani ya mwami, mtawala wa jadi, juu ya kilima nje ya mji wa Kasulu. Lango lake lilijengwa fupi makusudi, ili kila anayepita ainame. Esteri, muuza vitenge kutoka Kibondo, aliinama akiingia. Fidele, fundi simu wa Kasulu, aliinama akitoka. Vichwa vikagongana.

"Pole, dada! Nimekuumiza?"

"Kichwa kitapona. Kilemba changu ndicho umekiua."

Alivaa gauni la kitenge cha njano, mikono imejaa kama puto. Fidele akasahau kwamba alikuwa anatoka.

Mtembeza wageni, mzee Ildefonsi, aliyejifunga ngozi ya mbuzi juu ya koti la suti, aliwaona akacheka. "Hawa wananitosha kwa igizo langu! Njooni mketi."

Akawakalisha juu ya vigoda viwili mbele ya umati, na kati yao akaweka chungu cheusi cha togwa ya mtama chenye mrija mmoja. Akaeleza kwamba mwami wa pale hakunywa kabla mkewe hajaonja, maana waliotaka kumuua walikuwa wengi.

Esteri akaonja. Akafumba macho, akajishika koo, akalegea kama maiti. Watu wakapiga yowe.

"Sasa mimi nitakunywaje?" Fidele aliuliza.

"Kunywa, mume. Tufe wote."

Fidele akanywa. Siku hiyo hakuondoka bila namba ya simu ya Esteri.

Kwa miezi saba walipigiana kila jioni. Esteri alimwita Mwami. Naye Fidele alimwita Mwonjaji wangu. Jioni moja ya Machi, Fidele alisema jambo alilokuwa akiliahirisha tangu mwanzo.

"Kile chungu cha ikulu alikifinyanga bibi yangu. Sisi ni Watwa, Esteri. Bibi alipeleka vyungu pale miaka mingi, lakini hakuna aliyekubali kunywa naye mrija mmoja. Hata mimi, kuna harusi nimepewa kikombe changu peke yangu."

Akasikia kikohozi.

"Esteri?"

"Nitakupigia kesho."

Hakupiga kesho wala keshokutwa. Katika leso aliyoishika jioni ile kulikuwa na damu. Mama yake alikufa hivyo hivyo huko Busunzu, na nyumbani kikombe chake walikitenga, kisha wakakizika. Esteri aliamua kumwambia Fidele uso kwa uso, ili amsindikize hospitali, akamtumia ujumbe wakutane ikulu.

Jumatatu ya Pasaka walikutana tena ikulu. Kabla Esteri hajapata nafasi ya kusema, Fidele, amevaa suti nyeusi na pete imo mfukoni, alikuwa ameshamwomba Ildefonsi alete chungu. Watu wakazunguka na simu zao kupiga picha.

"Onja, Mwonjaji wangu."

"Leo siwezi."

"Kidogo tu, mpenzi."

"Fidele, nimesema siwezi!"

"Mwami, usinywe!" mtu mmoja alipaza sauti. "Ameshaona sumu!"

Watu wakaangua kicheko. Fidele akainuka. "Kumbe? Tangu nikuambie chungu ni cha nani?"

Esteri alifungua mdomo. Lakini angesemaje habari ya damu mbele ya simu zote zile?

"Amini unachotaka," alisema, akatoka. Langoni akainama.

Usiku haukuingia kabla Fidele hajaifungia namba ya Esteri. Esteri alikwenda Mabamba kwa shangazi, akanyweshwa mizizi iliyochemshwa. Hospitali hakuenda. Aliona hakuna wa kupona kwa ajili yake.

Agosti, Vestina, dada yake Esteri, aliingia katika kibanda cha fundi.

"Shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Simu yako ina nini?"

"Sikuleta simu. Esteri amelazwa Kabanga, kifua kikuu. Alikataa mrija asikuambukize."

Bisibisi ikamponyoka Fidele mkononi.

Alikwenda Kabanga na togwa katika chungu kidogo, cha mwisho alichofinyanga bibi yake. Esteri alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, amevaa barakoa. Mikono ya gauni la njano ilining'inia mitupu.

Muuguzi alikiona chungu na mrija. "Mnywe tu, ila mkae hapa nje penye upepo. Ugonjwa huu hupita katika hewa, mtu akikohoa. Hauambukizi kwa mrija."

Wakatazamana. Miezi minne ilikuwa imepotea bure.

"Umechelewa, Mwami," Esteri alisema.

"Nimechelewa."

"Na mimi nilinyamaza. Daktari anasema pafu moja limekwisha, na la pili linafuata."

Fidele akatoa pete. "Nataka kukuoa."

"Utanioa kwa wiki ngapi?"

"Zilizopo."

Esteri akanyoosha kidole. Pete ikazunguka, kubwa mno, akaishikilia kwa dole gumba. Kisha akashusha barakoa, akaonja, akafumba macho, akajishika koo. Safari hii hakuna aliyepiga yowe. Fidele alingoja mpaka akafumbua macho.

"Kunywa, mume," alisema. "Lakini usinifuate."

Fidele akaushika mrija. Hakuufuta. Akanywa mpaka chungu kikakauka.