Nati Isiyo na Rangi

"Shika usukani vizuri, usiucheze. Imebaki nati moja."

Zuwena alisema hivyo bila kuinua kichwa, spana namba nane mkononi, kichupa cha rangi ya kucha kimechomekwa kwenye pindo la mtandio.

"Kila siku imebaki moja," Nasri alicheka. "Wenzako wanafunga holda ya simu kwa dakika tano. Wewe umenisimamisha hapa kama mimi ndiye bibi harusi."

"Wenzangu na wafunge wao. Hapa kwangu hatoki mtu na simu mkononi."

Nasri alijua neno hilo lilikotoka. Miaka mitatu nyuma, Selemani, kaka yake Zuwena, alikuwa akiendesha pikipiki kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu yenye ramani. Hakuliona tela lililoegeshwa kwenye kona. Baada ya matanga Zuwena aliirithi meza ya kaka yake pale Ng'ambo, Tabora, akajifunza kazi moja akaijua hasa: holda kwenye shina la kioo cha pembeni, simu usawa wa macho, waya wa chaja umepita chini ya tangi mpaka kwenye betri. Na kila nati aliyoikaza aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Nati ikilegea, tone linapasuka, dereva anajua. Watu walimtania kwamba ni fundi anayezipaka pikipiki kucha, lakini hao hao ndio waliokuja kufungiwa.

Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa Nasri angemuoa.

Nasri alizunguka nyuma kukaza kamba za mzigo. Hapo ndipo simu yake, ambayo tayari imekaa kwenye holda na ramani imewashwa, ikatetemeka. Maneno yakajitokeza juu ya ramani, chini ya jina la Veridiana:

"Usimwambie huyo mchumba wako. Njoo 13, nakusubiri."

Yakakaa kidogo, yakapotea.

Zuwena alibaki ameishika spana. Simu ile aliipanga yeye mwenyewe, na saa yake ilihesabu mpaka ishirini na nne. Kumi na tatu ni saa saba mchana. Mwanamke anaitwa Veridiana, anamsubiri mume wake mtarajiwa saa saba mchana, na yeye asiambiwe.

"Tayari?" Nasri aliuliza.

Nati ilihitaji mizunguko mitatu tu. Mkono uligoma.

"Tayari," Zuwena akajibu.

Nasri aliitazama holda. Aliitazama kwa muda, kama mtu mwenye neno, kisha akavaa kofia.

"Leo unafika wapi?" Zuwena akauliza.

"Ulyankulu. Nashusha vipuri vya mashine ya kusaga, nageuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mteja, Zuu. Kwa nani tena?"

"Na saa saba utakuwa wapi?"

"Njiani. Mbona maswali?"

"Nimeuliza tu."

Akaondoka. Vumbi lilipotulia, Zuwena aliona kichupa bado kimefungwa. Moyo ulimwambia mpigie, mwambie arudi. Wivu ukamwambia mwache aone. Akausikiliza wivu.

*

Najiat, rafiki yake mwenye kibanda cha vitenge jirani, alimtazama akifuta spana moja mara kumi.

"Wewe, hiyo spana itazaa. Una nini?"

"Nasri ana mwanamke."

"Toka hapa! Nasri yule anayekuombea maji ya kunawa?"

"Anaitwa Veridiana. Wanakutana saa saba."

"Basi saa saba fungua simu yako umtazame. Si umemwekea ile ya kuonyesha alipo?"

Ni kweli, na Nasri mwenyewe ndiye aliyetaka iwekwe. Ilipofika saa saba Zuwena alifungua ramani. Kidoti cha bluu kilikuwa katikati ya msitu. Hapakuwa na kijiji wala duka, na kidoti hakikusogea.

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akaandika, "Nasri pokea." Akapiga tena, na tena. Mara ya tano ikapokelewa.

"Haloo." Ilikuwa sauti ya mzee.

"Wewe nani? Mwenye simu yuko wapi?"

"Huko kwenu mjini shikamoo imekwisha?"

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Mwenye simu yuko wapi?"

"Marahaba. Mimi Hilari, natoka kwenye mizinga yangu ya nyuki. Hii nimeikuta kwenye majani, inalia. Mwenyewe simwoni."

"Na pikipiki?"

"Sioni pikipiki. Naona tairi limeburuzika kwenye mchanga." Mzee akashusha sauti. "Na damu, mwanangu. Si nyingi, lakini ni damu."

Zuwena hakumkumbuka tena Veridiana. Aliikumbuka nati. Miaka mitatu alikuwa akiapa kwamba hakuna dereva atakayekufa kama Selemani kwa mkono wake, na leo kwa mkono wake huo huo ameachia nati ya mtu anayempenda.

"Baba, usiondoke hapo. Naja."

Akaivuta pikipiki ya Selemani kutoka ukutani. Najiat akamkamata mkono.

"Zuwena! Tangu msiba hujavuka nayo mtaa wa Cheyo!"

"Niache."

"Angalau mwambie baba yako!"

"Nimwambie nini? Kwamba nimemuua mkwe wake?"

Aliibana simu yake kwenye holda, akaitikisa nati kwa vidole mara tatu, akaondoka.

Njia ya kwenda Ulyankulu ni ndefu kwa mtu mwenye hofu. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipita pande hizi na mizigo kichwani, wakiimba ili wasiogope. Zuwena hakuwa na wimbo. Alikuwa na sauti ya simu tu, "Endelea moja kwa moja," na mchanga uliovuta tairi kushoto na kulia. Katika kila kona aliliona lile tela. Katikati ya msitu mtandao ukakatika, sauti ikanyamaza. Akabaki peke yake na miti pande zote mbili, akisema kwa nguvu, "Ya Rabi, nikute mtu hai. Hata kama ni wa Veridiana, nimkute hai."

Mzee Hilari alikuwa amekaa juu ya gogo la mzinga, simu ya Nasri mapajani, bado imeshikwa na holda iliyong'oka nzima. Zuwena aliichukua, akaigeuza. Boliti ilikuwa tupu. Nati haikuwepo.

Akakaa chini kwenye mchanga.

"Baba, nimemuua mimi."

"Umuue vipi na ulikuwa Tabora?"

"Sikuikaza nati. Niliona ujumbe wa mwanamke kwenye simu yake. Anamwambia njoo kumi na tatu, anamsubiri saa saba."

Mzee akamtazama.

"Saa saba imetoka wapi?"

"Si ndiyo kumi na tatu, baba?"

"Mwanangu, wewe ni mtu wa mjini kweli." Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo si saa. Hiyo ni Barabara ya Kumi na Tatu. Sisi Ulyankulu vijiji vyetu ni barabara, tangu tulipoletwa huku wakimbizi kutoka Burundi. Mimi natoka ya Tisa. Mtu wetu akikwambia njoo kumi na tatu, anakuita nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Hilo kaulize huko huko. Na usilie kwanza. Tazama nyayo: aliyeanguka ameinuka, ameinua pikipiki, amepanda. Maiti haipandi pikipiki."

Zuwena alijaribu kuiandikia ramani, "Barabara ya 13." Ramani ikamwonyesha mtaa wa Dar es Salaam.

"Weka hiyo," Mzee Hilari akapanda nyuma. "Ramani ni mimi. Nenda."

*

Pikipiki ya Nasri ilikuwa imeegemezwa kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, kioo kimevunjika. Zuwena aliingia bila hodi, jambo ambalo hakulelewa kulifanya.

Nasri alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa kitenge, kipaji cha uso kimechanika. Mama mmoja wa makamo, rozari shingoni, alikuwa akimwosha damu kwa maji ya moto.

"Zuu?" Nasri akasema. Hakukuwa na furaha katika uso ule. Kulikuwa na hofu tupu.

Yule mama akasimama haraka, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Karibu, mwanangu. Mimi si mtu wake," alisema, maneno yakikimbizana. "Usinifikirie vibaya. Mimi ni mteja tu. Vipuri vya mashine. Ameanguka, nikamsaidia kama mtu yeyote. Simjui zaidi."

Alipokuwa akisema, Zuwena akauona mwanya wa meno yake. Mwanya ule ule wa Nasri, wa katikati, na sikio lile lile lililopinda juu.

"Mama," Nasri akasema. "Basi, mama. Inatosha."

Mzee Hilari, aliyeingia nyuma ya Zuwena, akatoka nje polepole, kama mtu aliyekumbuka kazi.

"Ulituambia umefiwa na wazazi wote," Zuwena akasema.

"Baba ndiye alikufa. Nilikuwa na miaka tisa, naitwa Anton. Mzee Rashidi fundi cherehani alikuja huku kununua pamba, akanichukua nikasome, akanilea, nikawa Nasri. Mama yangu ni huyu."

"Ukamuua mama yako kwa mdomo! Kwa nini?"

Nasri akautazama mkono wake uliofungwa.

"Unakumbuka Najiat alipopendwa na kijana wa huku? Ulikuwa mezani pako, mnacheka. Ukasema, 'Mtu wa kambini huyo, leo yupo kesho hayupo.' Mlicheka sana. Na mimi nilikuwepo. Nilicheka pia."

Zuwena alikumbuka. Kwake lilikuwa neno la mzaha, la kupitisha mchana. Akaona aibu.

"Ni mimi niliyemkataza," Veridiana akasema kutoka ukutani. "Nilimwambia, 'Mwana wanje, mwanangu, usimwambie, utapoteza mke.' Nilitaka anipitie tu kabla ya Ijumaa, nimwombee. Nimemponza."

"Hukumponza wewe, mama." Zuwena akaiweka holda juu ya mkeka. "Nasri, na mimi nina langu. Niliuona ujumbe. Nati ile sikuikaza."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliona haina rangi. Kabla sijavaa kofia. Tangu nikujue hujawahi kuacha nati bila rangi. Nikajua umeona kitu."

"Ukapanda hivyo hivyo?"

"Ningekuuliza, na wewe ungeniuliza. Nikaogopa. Simu ilipochomoka nikajaribu kuidaka, nikaenda chini. Niliitafuta nikashindwa, damu imejaa machoni."

"Mjinga wewe!" Zuwena alimpiga kifuani, akalia kwa sauti, bila kujali mama mkwe. "Ungekufa! Ungekufa kwa kuogopa swali! Na mimi ningekuwa nimekuua kwa kuogopa kuuliza!"

Nasri akamvuta kwa mkono mzima uliobaki. Walikaa hivyo mpaka maji ya kwenye beseni yakapoa.

Hofu moja ilibaki. Zuwena akatoka nje, akaitafuta sehemu yenye mtandao, akampigia Mzee Abdulatifu, baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko wapi? Najiat amenieleza mambo nusu nusu hapa."

"Baba, Nasri ana mama. Yuko hai. Ni mtu wa Ulyankulu, Mkristo. Anaogopa kuja Ijumaa."

"Anaogopa nini?"

"Sisi."

Zuwena alisikia tasbihi ikigongana upande wa pili.

"Kijana ametudanganya," mzee akasema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Hilo atakuja kunieleza mwenyewe, na sitamfanyia wepesi. Lakini huyo mama mwambie hivi. Aliyebeba mimba miezi tisa haingii kwenye harusi ya mwanawe kwa mlango wa uani. Aje mbele. Asipokuja, sitoi binti."

Zuwena alirudi na habari. Veridiana aliketi chini, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika.

Kabla ya kuondoka, Zuwena aliomba nati kwa jirani, akaifunga upya ile holda. Mama mkwe ndiye aliyeshika usukani. Mizunguko mitatu, na wa nne wa kuhakikisha. Kisha akatoa kichupa, akatia tone.

"Hiyo ya nini?" Veridiana akauliza.

"Ya kuonyesha imekazwa, mama. Haitoki." Akaushika mkono wa mama, ule mkono mgumu wa jembe, akapaka kucha moja ya kidole kidogo. "Na hii pia."

Ijumaa mtaa ulijaa. Nasri alikaa mbele ya shehe, mkono umening'inia shingoni, baada ya kukemewa na Mzee Abdulatifu siku mbili mfululizo. Upande wa wanawake, mpokezi mmoja mwenye daftari la wageni alimsimamisha mama mgeni aliyevaa kitenge kipya, kucha moja nyekundu.

"Samahani, mama. Huku mbele ni kwa wenyewe. Wewe ni nani yake?"

Veridiana aligeuka nyuma kama mtu anayetafuta pa kutokea. Zuwena alimwona kwenye upenyo wa pazia.

Mama akaitazama ile kucha. Akanyoosha mgongo.

"Mimi?" akasema, na safu tatu nzima zikasikia. "Mimi ndiye niliyemzaa."