Geti la Uchochoroni

Kila asubuhi Mshonaji alikuwa na kazi mbili kabla hajagusa cherehani. Ya kwanza ni kuteka maji. Ya pili ni kumwosha mama yake kichwa na miguu, pale uani, kwenye jua la kwanza. Mama huyo mtaa mzima ulimwita Bibi. Alizaliwa katika nyumba ileile ya mawe na chokaa, na alishasema hatoki humo mpaka abebwe.

Nyumba yao ilikuwa ndani ya uchochoro usiopenya, katika mtaa mkongwe kuliko yote mjini. Uchochoro ulikuwa na nyumba tatu tu. Nesi, jirani yao aliyestaafu kazi ya hospitali, alikaa ng'ambo ya barabara. Kila saa nne asubuhi alivuka na mashine yake kuja kumpima Bibi presha.

"Leo umekula chumvi," Nesi alikuwa akisema.

"Kidogo tu, mwanangu. Ya kuonja," Bibi alikuwa akijibu, na wote wanacheka.

Kisha wageni wakaanza kuja kuutazama mtaa. Mwanzoni walikuja wawili wawili. Baadaye walikuja thelathini kwa mkupuo, na kiongozi mbele ameinua mwavuli. Walipiga picha milango, kuta, hata nguo zilizoanikwa. Milango ya uani huachwa wazi ili hewa ipite, na wao wakadhani uwazi ule ni kukaribishwa.

Siku moja Mshonaji alikuwa anamwosha mama yake nywele. Alipoinua kichwa, aliona watu sita wamesimama uani. Mmoja alikuwa ameshapiga picha. Bibi alikuwa kichwa wazi, nguo imemteremka begani.

Bibi alivuta nguo begani, nao wakaondoka. Kisha akauliza polepole, "Mimi nimekuwa kabati la zamani, mwanangu? Watu wanizunguke, wanitazame?"

Tangu siku hiyo alikataa kukaa uani. Alishinda chumbani, dirisha limefungwa. Mshonaji alipouona uso wa mama yake gizani mchana kweupe, roho ilimuuma.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa hasira zake pia.

"Dawa yao ninayo," alisema. "Naweka geti pale mwanzo wa uchochoro. Refu, la nondo, na kufuli."

"Majirani je?"

"Kila nyumba ufunguo mmoja. Nani atakataa?"

Hakuna aliyekataa. Wiki ile ile geti likasimama, na wageni wakabaki barabarani. Bibi akarudi uani, na mkwewe akatembea kifua mbele. Ila Nesi hakuwa na ufunguo, kwa sababu nyumba yake haikuwa ndani ya uchochoro. Alipokuja alisimama getini akaita, na Mshonaji akaenda kumfungulia.

"Shemeji, na mimi nichongee wangu," Nesi alimwambia Cheche.

"Kesho tu," Cheche alijibu. Kesho yake alikuwa na kazi, na keshokutwa vilevile.

Siku ya nane, Mshonaji alipeleka sare za shule alizozishona. Alimwacha mama yake uani, akafunga geti, akautia ufunguo kwenye pochi. Majirani wa ndani walikuwa makazini. Saa nne Nesi akaja, akaita. Hakuna aliyejibu. Alichungulia katikati ya nondo, akamwona Bibi kaanguka ubavu kwenye mlango wa ua. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja, na mkono wa kulia haukusogea.

Nesi alijua ni kiharusi. Alijua pia kwamba kila dakika ina thamani. Alitikisa geti. Alijaribu kupanda, na umri ukamkatalia. Alikimbia mpaka karakana ya Cheche, akaikuta imefungwa, na simu yake haipatikani. Akarudi, akapiga magoti pale getini, akaanza kusema kwa sauti, "Nipo, Bibi. Nipo hapa. Usiogope."

Mshonaji aliporudi, karibu saa nzima ilikuwa imepita. Ufunguo ulimwanguka mara mbili kabla kufuli halijafunguka.

Bibi hakufa. Lakini daktari aliwaambia ukweli wote. "Mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea, au maneno yakigoma, aletwe hospitali papo hapo. Huyu amechelewa." Bibi alirudi nyumbani na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Maneno yake yalikuwa hayaeleweki. Cheche alilia uani bila kujificha, na hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Mwezi uliofuata alikuja mwanamke mmoja na futi kamba na bunda la karatasi. Alikuwa mpimaji wa manispaa. Mtaa ulikuwa unakwenda kukarabatiwa.

"Shikamoo, Bibi," alianza. Bibi aliitikia kwa kichwa.

Mshonaji hakumngoja aketi. "Mtapaka kuta rangi, mtaweka taa, wageni wafurahi. Na sisi mtatupeleka wapi?"

"Popote hamwendi," Mpimaji alijibu. "Karatasi hii haina kitu bado. Nimekuja kuuliza. Nyie ndio mnaoishi hapa, na mna haki ya kusema kabla sijachora. Nani anapita hapa? Saa ngapi? Wapi mnapenda watu wafike, na wapi hampendi?"

Alitandaza karatasi mezani, kando ya cherehani. Nesi aliitwa, akasimulia yaliyotokea siku ile getini. Cheche alisimama mlangoni, macho chini.

"Geti niliweka mimi," alisema. "Nilitaka kumlinda."

"Nakuelewa, kaka," Mpimaji alisema. "Ulikuwa na sababu. Lakini uchochoro huu si wa wageni tu. Unapita nesi, inapita machela, yanapita maji ya kuzima moto. Geti halikujua kuchagua."

"Tuling'oe, wale watu warudi uani?" Mshonaji aliuliza kwa ukali.

"Wakirudi bila utaratibu, hatujafanya kitu. Wengi hawana nia mbaya. Wanaambiwa mtaa ni wa kale, wanadhani hata watu ni maonyesho. Hakuna aliyewaambia mpaka uko wapi. Tuuweke sisi, tuwaambie."

Walikaa pale siku tatu, na baadaye mtaa wote ukakutana. Watu walibishana mpaka sauti zikakauka. Wengine walitaka wageni wafukuzwe kabisa. Muuza vitabu mmoja wa mtaani alisema yeye anawahitaji. Mwisho walikubaliana. Kikundi kisizidi watu kumi. Wanaoongoza wageni wawe wakazi, na wafundishwe. Vikundi visimame kwenye uwanja mdogo wa barabarani, patakapowekwa mabenchi na kivuli. Vichochoro visivyopenya ni vya wenyeji. Hakuna kupiga picha ya mtu bila kumwomba, na akikataa, basi. Mshonaji alichaguliwa kuingia kwenye kamati ya ukarabati, na fundi hakuruhusiwa kugusa ukuta wa mtu kabla ya kuzungumza naye.

Mwanzo wa uchochoro pakawekwa kibao chenye maandishi na mchoro, ili hata asiyesoma aelewe. Uani kwa Bibi pakajengwa kizuizi cha mbao mbele ya mahali pa kuogea. Hewa ilipita, macho hayakupita.

Geti Cheche alilikata mwenyewe. Hakutaka msaidizi. Zile nondo alizipiga msasa siku nzima, akazikunja, akazichomelea upya. Zikawa reli ya kushikia, kutoka mlango wa ua hadi barabarani. Aliiweka upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kushoto wa Bibi ndio uliokuwa mzima.

"Nisamehe, mama," alimwambia mkwewe siku alipomaliza. Bibi aliushika mkono wake, akauweka juu ya reli, akaufunika kwa wake.

Asubuhi moja Nesi alivuka barabara saa nne kama kawaida. Hakuita mtu. Alimkuta Bibi amejikokota kwa reli mpaka mwanzo wa uchochoro, ameketi kwenye kiti, Mshonaji kando yake anapindua pindo la sketi. Kikundi cha wageni wanane kilikuwa uwanjani. Mwanamke mmoja alijitenga, akafika kwenye kibao, akasimama. Kamera aliishusha chini.

"Samahani, Bibi," alisema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Naomba ruhusa. Picha moja?"

Mshonaji alifungua mdomo amjibie mama yake. Nesi akamgusa bega. Bibi alimtazama yule mgeni muda mrefu. Midomo ikahangaika.

"Ha... pana," alisema.

"Sawa, Bibi. Asante," mgeni alijibu. Akainamisha kichwa, akarudi kwa wenzake.

Bibi alimfuata kwa macho mpaka alipofika kwenye benchi. Kisha akamgeukia binti yake. Upande mmoja wa uso ulikuwa unacheka, na machozi yalikuwa pande zote mbili.

"Hapana," alisema tena, na mara hii neno lilitoka zima.