Wageni wa Nyumba ya Karani

Saa moja asubuhi, Jumamosi tarehe 11 Machi 1972, wanawake waliokwenda kuteka maji ziwani, chini ya Kisian, waliona mguu wa mtu kwenye mafunjo. Walipomvuta wakamtambua. Alikuwa Obiero, mwenye boma lililo pale juu, na kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Hatua tatu kutoka hapo palikuwa na nyundo kubwa ya mwashi.

Inspekta Wakhisi alifika kutoka Kisumu saa tatu, akakuta watu wamefurika kama siku ya soko. Wengine walikuwa wamebeba watoto mabegani ili nao waone vizuri. Aliwafukuza kwa ukali, ingawa moyoni alijua hana haki ya kujifanya mtakatifu. Miaka miwili nyuma yeye mwenyewe alimleta mkewe hapo hapo kutazama Nyumba ya Karani.

Nyumba hiyo ya matofali ilikuwa kando ya boma la Obiero. Mwaka 1964 karani mmoja wa pamba na mkewe walikatwa mapanga humo ndani, na baadaye Obiero akainunua pamoja na shamba. Mdogo wake, Walter, ndiye aliyeshika ufunguo na kutembeza wageni wa kutoka Kisumu, Kericho, hata Wazungu wenye kamera. Hapa karani alianguka. Hapa mkewe alipiga magoti. Na hili, mabibi na mabwana, ndilo doa. Doa lenyewe, ajabu, lilizidi kukolea kila mwaka. Watu walitetemeka, wakafurahia kutetemeka kwao, kisha wakaingia kwa Walter kunywa chai. Sijui binadamu tuna nini.

Nyundo ilikuwa ya Walubengo, mwashi kutoka Kimilili. Obiero alikuwa amempa kazi ya kuibomoa nyumba hiyo kuanzia Jumatatu iliyofuata, na Alhamisi mchana majirani waliwasikia wakigombana juu ya matofali. Daktari naye alisema Obiero aliuawa Alhamisi hiyo hiyo jioni. Kesi ikaonekana imekwisha, na kesi ya kuua maana yake kitanzi.

"Nyundo ni yangu, afande," Walubengo alisema rumande. "Lakini mimi niliacha hiyo kitu ndani ya ile nyumba, Alhamisi saa kumi. Walter akafunga na kufuli. Uliza yeye. Niko na watoto wanne, afande."

Wakhisi akaenda kwa Walter, akaketi mezani pake.

"Nilifunga, ndiyo," Walter alikubali. "Lakini dirisha ya nyuma ni mbovu. Hata mwashi anaweza pita."

"Na Ijumaa nzima hukushangaa ndugu yako hayuko?"

"Nilikutana na yeye kwa barabara Alhamisi. Alisema anaenda Awasi kuangalia ng'ombe."

Huku akisikiliza, Wakhisi alikuwa akifunua kitabu cha wageni kilichokuwa mezani. Ukurasa wa mwisho ulisema: Ijumaa 10 Machi, saa kumi na moja jioni, watu sita, asante kwa chai na hadithi tamu. Alikifunga bila kukifikiria zaidi.

Adero, mjane wa Obiero, alihojiwa jikoni kwake.

"Ulianza kuwa na wasiwasi lini, mama?"

"Ijumaa, saa kumi na moja hivi. Nilienda kwa Walter kuomba chumvi, nijue pia kama mzee wangu ametuma neno kutoka Awasi. Akanisimamisha mlangoni. Alisema amepaka sakafu samadi, haijakauka. Akaniwekea chumvi chini, nikaokota."

"Unamshuku?"

"Walter?" Adero alimkazia macho. "Nilipoolewa hapa alikuwa na miaka minane. Mimi ndiye nilimlea. Usirudie hiyo maneno."

Obiero alizikwa Jumamosi iliyofuata. Jumatatu tarehe 20 Wakhisi alirudi, akamkuta Adero amesimama nje kwa jirani yake, Rosa. Rosa alitoka na unga, akauweka chini, akarudi nyuma. Adero akainama kuuchukua.

"Mbona humkaribishi ndani?" Wakhisi, mtu wa Bungoma asiyejua mila za Waluo, alimuuliza Rosa pembeni.

"Sasa ni mjane, afande. Haingii nyumba ya mtu mpaka afanyiwe desturi. Akiingia, utapata chira. Hiyo ni laana, inamaliza watoto."

Wakhisi aliwaita makonstebo wake wawili, akamwomba Adero aandamane nao mpaka kwa Walter. Walimkuta uani akifagia.

"Walter, kwa nini Ijumaa ile ulimwekea shemeji yako chumvi chini?"

"Sakafu ilikuwa mbichi, afande."

"Saa hiyo hiyo watu sita walikuwa wamekaa juu ya sakafu hiyo wanakunywa chai. Wameandika wenyewe kwa kitabu chako."

Walter akarudi kufagia.

"Uliogopa chira," Wakhisi aliendelea. "Maiti ilionekana Jumamosi. Wewe Ijumaa ulishajua huyu ni mjane. Nani alikuambia?"

Ufagio ulimponyoka. Adero ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo: "Nyathina? Mwanangu, mwambie si kweli."

"Alitaka kubomoa!" Walter alifoka. "Mwezi wa pili binti ya yule karani alikuja, akakuta wageni wanacheka kando ya kitanda cha mama yake, wanapigana picha. Akalia. Obiero akaona haya, akasema nyumba iende. Nilimfuata mpaka ziwani nikamwomba. Hakutaka hata kunisikia!"

"Na nyundo ulikuwa nayo mkononi, wewe mwenye ufunguo."

"Watu walitoka mpaka Kericho kunisikiliza mimi! Bila ile nyumba mimi ni nani? Ndugu ya Obiero tu."

"Na Walubengo anyongwe?" Adero aliuliza. "Na mimi uniangalie nikilia, nikikushukuru kwa kunifariji?"

Adero akakaa pale pale vumbini.

Walikuwa wamemfunga pingu na kumpandisha kwenye Land Rover ilipoingia Peugeot nyeupe. Akashuka mwanamume wa mjini, mkewe nyuma yake, kamera shingoni.

"Samahani, bwana inspekta," alisema kwa adabu. "Hapa ndipo kwa yule Obiero aliyeuawa? Tumesoma gazetini."

Kabla Wakhisi hajafungua kinywa, sauti ilitoka ndani ya Land Rover, laini, iliyozoea kazi yake.

"Ndipo hapa. Karibuni. Anzeni na nyumba ya karani, halafu mteremke ziwani, mtaona mahali mafunjo yamelala."

Adero aliinua uso kutoka vumbini.

"Hata sasa, Walter?" alisema. "Hata sasa?"