Bakuli la Maji Juu ya Nguzo

"Kinu kimenyamaza. Nenda."

Sauti ya mkuu wake ikakatika kwenye redio ya Motorola. Asnath, jasusi wa serikali, akaegesha Land Rover chini ya kilima, kilomita chache kutoka Kilimatinde.

Saa nne asubuhi, na hakuna mchi uliolia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mbele ya nyumba yake kijijini, Mama Damari alikuwa anasaga mtama kwenye jiwe, polepole, kama anayeiba. "Dokta wa nyota kule kilimani kakataza kutwanga. Eti tunamtikisia nyota. Ng'ombe wameshafukuzwa. Ijumaa ni zamu yetu."

Mwaka sabini na nne wanakijiji walipakiwa kwenye malori, wakaambiwa ni maendeleo. Sasa tisini na tatu wanaambiwa ni soko huria.

Lori ni lilelile.

Asnath akapanda kilima na kitambulisho bandia cha mpima ardhi. Ndani ya kuba la bati, Dokta Krane alisimama kando ya darubini iliyokaa juu ya nguzo ya zege.

"Tunapima pembe," alisema. "Digrii moja, igawe vipande elfu tatu mia sita. Kipande kimoja ni kifungo cha shati ukikitazama kutoka kilomita mbili. Sisi tunatafuta sehemu ya mia ya hicho. Mchi mmoja tu, kipimo kimeharibika."

Asnath alikuwa amebeba vyombo vya wapimaji miaka mitatu. Alijua hilo ni kweli.

Akamimina maji kwenye bakuli, akaliweka juu ya nguzo.

Maji yakatetemeka. Hayakutulia.

"Kijiji kimenyamaza, Dokta. Nani anatwanga huko chini?"

Mkono wa Krane ukaingia kotini. Bastola ya Asnath, Browning, ilikuwa imeshatoka.

"Taratibu, babu. Utatikisa nyota."

Chini ya mbao za sakafu palikuwa na shimo na mtambo wa kuchimba. Masanduku ya "vioo vya darubini" yalijaa mawe ya dhahabu. Handaki lilielekea moja kwa moja chini ya nyumba ya Damari.

Krane akatabasamu, pingu mikononi. "Kibali changu kina sahihi ya mkubwa wako."

"Nimeisoma."

Redio ikakoroma. "Asnath, mlete mzungu. Kibali kichome."

"Sikusikii vizuri, mkuu."

Akaizima. Akachukua kibali mezani, akakikunja, akakitia kifuani. Sahihi ile aliifahamu. Ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi za malori ya sabini na nne.

Polisi wa Manyoni walipofika, akawakabidhi Krane, akateremka kijijini.

"Twanga, mama."

Damari akamimina mtama kwenye kinu. Kisha akainua mchi.

Asnath hakugeuka. Alihesabu vishindo vya mchi mpaka kwenye gari.