Nukta Inayosogea

Kwanza ilikuwa harufu tu: harufu ya udongo mbichi, ilhali mmea wenyewe ulichumwa mwaka 1911 na ulikuwa mkavu kau. Lorna Halvorsen alikuwa ameshaupiga picha na kuirusha mtandaoni, wanakochota picha wachunguzi wa mimea dunia nzima. Ndiyo kazi yake pale chuoni Wisconsin: kupiga picha mimea iliyobanwa kwenye karatasi kwa vitepe, kusoma lebo, na kutia nukta kwenye ramani pale kila mmoja ulipochumwa.

"Huu umepita kwenye friza?" akauliza Walter, mkuu wake. Kila mmea mgeni hulazwa kwenye friza siku nne kwanza, ili chochote kilichojificha ndani kife.

"Nilisahau. Ulitoka darini kwa yule mchungaji wa kanisa aliyefariki. Ni mmoja tu, Walter."

"Mmoja tu! Hata nzige huanza mmoja."

Wakacheka. Laiti wangejua!

Lebo ilisema: kando ya kijito, maili kumi na moja kaskazini mwa mji. Jumatano, nukta kwenye ramani ilikuwa imesogea hadi maili nne. Lorna akafungua kabati na kuisoma lebo yenyewe: maili nne, wino uleule wa kahawia, mwandiko uleule. Nukta ilikuwa inaelekea mtaa wa kwao, alikomwacha mama yake Inga, mwenye mvi kichwa kizima na asiyejiweza miguu, peke yake mchana kutwa.

Alhamisi lebo ilisema: nyuma ya nyumba ya kijani.

"Hiyo ni kwetu," Lorna akanong'ona.

Wakaitumbukiza karatasi kwenye friza. "Futa picha!" Walter akafoka.

"Nimefuta! Lakini iko Brazili, iko Uswidi, watu wameshainakili!"

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, toka nje sasa hivi."

"Nitoke kwa miguu ipi, mwanangu? Halafu kuna mtu huko uani anachimbachimba. Si umemtuma wewe? Anakutaja jina."

"Usimfungulie, Mama, nakuomba!"

"Mbona yumo ndani tayari."

Lorna aliendesha gari kwenye theluji huku simu ikiwa wazi mapajani, akisikia karatasi zikikunjuliwa moja baada ya moja, taratibu, kwa uangalifu ule anaoutumia yeye mwenyewe mezani kwake, na mama yake akiuliza kwa sauti inayozidi kufifia, "Lorna, ni wewe?", naye akipiga kelele kwamba siye, siye, mpaka upande wa pili kukawa kimya kabisa.

Nyumbani, kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa. Juu yake, udongo mbichi.

Walter akapiga simu. "Lorna... imeingia picha mpya. Sijaipiga mimi."

"Ya nini?"

"Msuko wa nywele nyeupe. Umebandikwa vizuri, kwa vile vitepe vyetu."

Lorna akaketi sakafuni. "Lebo inasemaje?"

"Tarehe ya leo," Walter alikuwa analia. "Na mchumaji ameandikwa wewe."