Mchoro wa Saba Nyuma ya Bwejuu

"Pilau imeiva. Panda."

Maneno matatu. Simu ikakatika.

Rukaiya Haitham aliitia Samsung yake mfukoni, akavuka lami ya uwanja wa Kisauni kuiendea Cessna 206 iliyokwisha kuwashwa. Saa mbili kasorobo asubuhi. Begani alining'iniza Nikon yenye lenzi ndefu, na ndani yake mlikuwa na chombo kidogo kama punje ya choroko, kinachorusha kila picha mpaka ofisini Mji Mkongwe.

Ndani ya begi la kamera, chini kabisa, Glock 19.

Siku ile alikuwa mpiga picha wa jarida la utalii. Kazi yake ya kweli hata mamaake hakuijua.

"Karibu, Bi Rukaiya," alisema rubani Himid, mtu wa Makunduchi aliyeota mvi mapema. "Mkanda, tafadhali."

Kwenye kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani, alikaa mgeni mwekundu wa jua aliyejiita Daktari Kessler, mtaalamu wa mambo ya kale. Kila Alkhamisi alikodi ndege kwenda kuitazama michoro ya Wakale, iliyopangwa kwa mawe ardhini.

Ndege ikapaa. Msitu wa Jozani ukapita chini, kijani kizito, kisha ardhi ikageuka mawe matupu ya rangi ya jivu.

Michoro ikafumbuka.

Mkono wenye vidole sita. Samaki. Mwezi mchanga. Ukiwa chini huoni ila mawe na miiba. Ukipaa ndipo mawe yanapojipanga na kukutazama. Aliyeyapanga hajulikani. Watu wa Bwejuu hawapiti pale peke yao, na ukiwauliza hubadilisha mazungumzo.

Ramani zote zilionesha michoro sita.

Lakini wiki tatu nyuma Suhail, mwenzake wa miaka tisa kazini, alimtumia ujumbe wa sauti kutoka huko. "Rukaiya, imekuwa saba." Kisha kimya. Ofisi ilijua kwamba bunduki zinaingia kisiwani kutokea kusini mashariki. Haikujua zinashukia wapi. Rukaiya alikuwa ameusikiliza ujumbe ule mpaka akawa anaisikia sauti ya Suhail hata simu ikiwa imezimwa.

Nne. Tano. Sita.

Saba.

Mwanamke, amenyoosha mkono mmoja kuelekea baharini.

"Huyu ndiye mzuri kuliko wote," Kessler alisema. "Miaka elfu moja, pengine zaidi."

Rukaiya akavuta lenzi. Mawe ya michoro mingine yalikuwa meusi kwa ukungu wa miaka. Haya yalikuwa meupe. Yamegeuzwa juzi. Na mkono ule, ulionyooka kama rula, ulikuwa na alama za magurudumu.

Uwanja wa ndege.

Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena.

Kisha, karibu na kichwa cha mwanamke, akaliona rundo la mawe lenye urefu wa mtu. Akaitupia jicho dira ya ndege. Kisiwani maiti hulazwa mashariki na magharibi, uso ukaelekea kibla, kaskazini. Rundo lile lilikwenda kaskazini na kusini.

Lilikuwa kaburi, na aliyemzika yule hakumjali.

Akabonyeza kitufe tena na tena. Suhail. Ndipo ulipo, ndugu yangu.

"Picha kumi za rundo la mawe," Kessler alisema taratibu. "Jarida gani hilo, Bi Rukaiya?"

Alikuwa kafungua mkanda ili ageuke nyuma. Bastola yake ya Makarov ilimtazama Rukaiya kifuani.

"Rubani, shuka kwenye mkono. Saa tatu inakuja ndege nyengine. Tutaipokea pamoja."

"Pale sipajui," Himid alijibu, jasho likimtiririka. "Tutakufa sote."

"Shuka!"

Rukaiya akaugusa mkanda wake, ulikuwa umekaza.

"Kaka Himid," akasema, sauti imetulia, "unaikumbuka pembea ya Mnazi Mmoja, sikukuu?"

Himid akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Naikumbuka, Bi. Ile ya mwisho, ya kutapisha."

Akavuta usukani. Pua ya ndege ikapanda mbinguni, ikasita, kisha ikaporomoka. Kessler akaruka kama gunia la karafuu, kichwa kikagonga dari. Risasi ikatoboa paa. Rukaiya akaudaka mkono wenye bastola, akaukunja mpaka mfupa ukalia.

Alipofumbua macho, Kessler aliiona Glock.

"Kaa. Usikohoe."

Kidude cha sikioni kikakwaruza. Alikuwa mkuu wake, Mwalim.

"Picha zimefika. Gari mbili za askari zinatoka Bwejuu."

"Ndege inaingia saa tatu. Waacheni watue kwanza."

"Nshafahamu."

Saa tatu na dakika nne ndege nyeupe ilitokea baharini, ikashuka kwenye mkono wa mwanamke wa mawe. Haikuruka tena. Askari walitoka vichakani kila upande. Makasha kumi na manane ya bunduki. Hakuna aliyewahi kufyatua hata risasi moja.

Himid aligeuza ndege kurudi mjini. Ndipo ndani ya hedifoni walizovaa ilipopita pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo.

Kessler alikuwa kafungwa mikono, hedifoni yake imeanguka sakafuni.

"Umesikia?" Rukaiya aliuliza.

"Sikusikia kitu, Bi," alisema Himid. Lakini hakutazama chini tena.

Adhuhuri Mwalim alipiga simu. "Njoo uandike ripoti."

"Nna pahala pa kupita kwanza."

Nyumba ilikuwa katika kichochoro cha tatu nyuma ya Forodhani. Bi Shemsa, mamaake Suhail, alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, mwanangu." Uso wake ukachanua. "Suhail ndo kakutuma?"

Rukaiya akapiga magoti, akaishika ile mikono yenye vumbi la mchele.

"Hapana, Bi. Nimekuja kukwambia alipo."

Alikaa naye mpaka majirani wakaingia mmoja mmoja. Kisha akainuka, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka juani. Vespa ilimpigia honi, akaipisha. Nyuma yake kilio kikapasuka, kikapanda juu ya mapaa ya mabati.

Hakugeuka. Hatua zake zilikuwa zile zile, wala hakuna aliyemtazama mara mbili.