Beseni Walilolileta kutoka Akheri

Ng'ombe ndiye aliyekataa wa kwanza. Alishinda na kiu, maji yamejaa mbele yake hadi ukingoni, naye akawa anarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba shingo. Hanna alipomletea ndoo ya plastiki, aliimaliza bila kuinua kichwa.

"Ng'ombe wa kisasa wana maringo," alisema Sifael, mumewe.

Hakutaka kusikia beseni lake likisemwa vibaya. Alikuwa mtunza stoo kwenye shamba moja la kahawa juu ya Akheri. Shamba lilipobinafsishwa, mwekezaji alipunguza watu, Sifael akiwemo, kisha akaamuru kikanisa cha mlowezi aliyelimiliki shamba hilo zamani kivunjwe. Humo ndimo lilimokuwa beseni la ubatizo, jiwe zito la kijivu ambalo mlowezi alilileta kwa meli kutoka kanisa la kijijini kwao Uingereza. Watoto wa kule walikuwa wamebatizwa humo miaka zaidi ya mia sita. Lilikuwa na mfuniko wa mbao uliofungwa kwa kufuli. Sifael alilivunja kufuli, mfuniko akaufanya kuni, na jiwe akalipakia kwenye trela la trekta mpaka nyumbani Moshono, liwe hori la ng'ombe wake wa maziwa. Mtu aliyepunguzwa kazini haachi kitu kizuri kitupwe.

Hanna hakuwa na muda wa kubishana juu ya hori. Alikuwa na mtoto wa wiki saba, waliyempata baada ya kungoja miaka tisa. Angebatizwa Pasaka kwa jina la bibi yake mzaa baba, Namnyaki.

Wiki ile mabomba yalikauka mtaa mzima. Maji ya beseni peke yake hayakupungua, na yalibaki ya baridi hata jua la saa saba likiwaka. Mchana mmoja Hanna alimwogesha mtoto humo. Alimmwagia maji kichwani kwa kiganja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mama yeyote anavyofanya. Ikatoka harufu ya mishumaa iliyozimwa sasa hivi. Kisha, chini ndani ya jiwe, sauti tulivu ikatamka jina moja geni. Jina lenyewe sitaliandika, nina wajukuu. Mtoto akageuza uso kuelekea kwenye jiwe, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Tangu siku hiyo hakugeuka tena alipoitwa Namnyaki. Kila saa saba mchana sauti ilimwita, naye alichangamka. Kisha akakataa ziwa.

Mchungaji Ephraimu aliitwa ambatize haraka nyumbani. Alikuja na bakuli lake mwenyewe. Maji aliyomwagia mtoto yaliteleza kama juu ya jani la mgomba, na nywele zikabaki kavu. Alijaribu tena, kisha akaweka bakuli chini.

"Mama, huyu mtoto alishabatizwa," alinong'ona.

"Na nani, mchungaji?"

"Sijui. Ila ubatizo ni mmoja, siwezi kuurudia." Akatazama uani. "Lile beseni lilikuwa na mfuniko?"

"Lilikuwa nao. Wa kufuli."

"Uko wapi?"

"Tuliupikia makande," alisema Hanna.

Jirani yao, Najat, alimleta Shehe Abdulsalam kutoka mjini. Shehe alisoma mpaka jasho likalowesha kanzu. Mwishowe akafunga kitabu, asimtazame Hanna usoni.

"Jini aliyeingia kwa mtu nitamwambia toka," alisema taratibu. "Huyu hakuingia. Mtoto alipelekwa kwake, kwa mikono ya mzazi."

"Sikujua, shehe."

"Najua hukujua, mwanangu. Yeye alipokea."

Sifael alilikodia jiwe trekta akalitupa korongoni, akarudi akisema sasa yamekwisha, lakini kesho yake ilipofika saa saba harufu ya mishumaa iliingia jikoni, na sauti ikaita kutoka kwenye ndoo, na Hanna alipoimwaga ndoo ikaita kutoka kwenye birika, na alipolimwaga birika ikaita kutoka kwenye glasi iliyokuwa kando ya kitanda, kwa upole ule ule, kama mtu anayejua kwamba hatanyimwa, na kitandani mtoto akapiga miguu kwa furaha.

Siku ya tatu tangu akatae ziwa, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Midomo ilikuwa imepasuka. Maziwa yalimchuruzika Hanna mpaka kwenye kanga, na mtoto hakuyafungulia kinywa. Alimwita Namnyaki. Alimwita mama, alimwita bibi, akamwita kwa majina yote ya kubembeleza aliyoyajua. Hofu ya kumzika ikazidi hofu nyingine zote. Akainama, akaweka mdomo kwenye sikio dogo, akalitamka jina lile.

Mtoto akafumbua macho. Akalishika ziwa kwa nguvu, akanyonya.

Sifael alikuwa mlangoni. "Umemwitaje?"

"Ananyonya," alisema Hanna huku akilia. "Mwache anyonye."

Asubuhi Hanna alikuwa nje akianika nepi mtoto alipoanza kulia. Kabla hajafika mlangoni alimsikia Sifael ndani, akimbembeleza kwa jina lile lile, na mtoto akanyamaza.